Naomba ushauri: grafu ya nukta 40,000, nipeleke TIFF au PDF?

Wakuu, salaam kutoka Moshi. Grafu ni ya mvua na joto kwenye miteremko ya Kilimanjaro, nimeichora kwa R (lugha ya programu ya takwimu). Jarida linataka upana wa mm 174, dpi 600 (pikseli kwa kila inchi), faili lisizidi MB 10.

Hesabu ya TIFF, yaani picha ya pikseli: mm 174 kwa dpi 600 ni pikseli 4,110, kimo cha mm 120 ni 2,835. Zidisha kwa baiti 3 za rangi, unapata kama MB 35. Kwa intaneti ya huku jioni, hilo halipandi.

Nimeweka compression="lzw" (mbano usiopoteza ubora) kwenye ggsave, amri ya R ya kuhifadhi grafu. Grafu za mistari zimeshuka chini ya MB 1, safi kabisa. Hii ya nukta imegoma: nukta zimefifishwa (alpha = 0.2), zikilaliana zinazaa vivuli vingi, na LZW hubana vizuri pale mfuatano uleule wa rangi unapojirudia. JPEG sitaki, inaacha ukungu kuzunguka herufi. PDF nayo inachora kila nukta peke yake, ukiifungua kompyuta inaganda.

Ninachofikiria ni geom_point_rast ya ggrastr (kifurushi cha R), raster.dpi = 300, nukta ziwe picha lakini mhimili na maandishi yabaki vekta (michoro isiyo ya pikseli) ndani ya PDF. Je, 300 inatosha kwa nukta zenyewe, au wahariri huipima picha iliyo ndani wakairudisha? Na kuna aliyejaribu geom_hex (inayokusanya nukta kwenye visanduku vya pembe sita) badala yake bila kupoteza nukta za pembeni?