Msaada wa beringi (welekeo kwa nyuzi kutoka kaskazini): nimepata km 4.36, mwenzangu kapata km 7

Mleta mada: Wadau, naomba msaada wa haraka. Kesho alfajiri naongoza kundi la watu porini. Tunaanzia A, tunatembea km 3 hadi B, halafu km 5 hadi C, kisha tunakata moja kwa moja kurudi A. Pembe ni nyuzi 60. Kanuni ya kosini imenipa km 4.36, mwenzangu anang'ang'ania 7. Nani yuko sahihi?

Dira_Kongwe: Mkuu, hesabu baadaye. Dira umeirekebisha? Sindano hufuata kaskazini ya sumaku, siyo ya ramani, na tofauti yake hubadilika mahali na mahali. Sisi tulipotoka kwa nyuzi 5 tu, baada ya km 10 tuko kama m 870 pembeni, mwenye ramani kanuna hasemi na mtu.

Simu_Mkononi: Setilaiti zipo angani bure, mnahangaika na kosini za nini?

Dira_Kongwe: Simu ikizima utauliza miti?

Mwl_Pembe: Hizo nyuzi 60 umezitoa wapi? Weka welekeo wa kila kipande.

Mleta mada: Pembe haina shida mwalimu. Swali langu ni 4.36 au 7.

Mwl_Pembe: Umezitoa wapi?

Mleta mada: Haya. A kwenda B ni 040°, B kwenda C ni 100°. 100 toa 40 ni 60. Kikokotoo kiko kwenye digrii, nimehakiki. Na ratiba ya maji na mapumziko nishawagawia watu kwa km 4.36, sipangui tena.

Bi_Mkali: Ndiyo vijana wetu hawa. Kikokotoo mkononi, penseli hawaijui. Mtu hajachora hata mstari mmoja wa kaskazini anataka kuongoza watu!

Mwl_Pembe: Hizo 60 ni kiasi unachogeuka ukifika B, siyo pembe ya ndani ya pembetatu. Chora mstari wa kaskazini pale B. Ukisimama hapo, A iko nyuma yako, 40 + 180 = 220°. C iko 100°. Kati yao ni 120. Kosini ya 120 ni −0.5, kwa hiyo ile "toa 2 × 3 × 5 × kosini" ya kanuni inageuka kujumlisha: 9 + 25 + 15 = 49, kipeuo chake 7. Km 7. Kwa kanuni ya sini, sini ya pembe A ni 5 × 0.866 ÷ 7, sawa na 0.619, yaani nyuzi 38.2. Kutoka A, C iko kwenye 40 + 38.2, yaani kama 078°. Kurudi unashika 258°.

Mleta mada: Lakini njia ya mkato si lazima iwe fupi? 4.36 inaingia akilini zaidi.

Mwl_Pembe: Mlikuja kwa km 8, mnarudi kwa 7. Ni mkato huo.

Kona_Kali: Ngojeni kwanza. 3, 5, 7 na nyuzi 120 kamili, porini? Hakuna kilima, hakuna mto, hakuna hata desimali? Hii pembetatu watunga mitihani wanaipenda maana kipeuo kinatoka namba nzima. Wakuu, tumepigwa chai.

Mleta mada: Kwani mtu hawezi kutembea km 3 kamili?

Kona_Kali: Anaweza. Hapo B pana nini? Mti? Jiwe?

Mleta mada: Pana B.

Simu_Mkononi: 😂😂😂

Dira_Kongwe: Muacheni bwana. Ila kijana, hujanijibu habari ya dira.

Mleta mada: Tuyaache hayo. Eneo la ABC je? Nusu ya 3 × 5, mara sini ya 60 au ya 120?

Mwl_Pembe: Yoyote. Sini zake ni sawa, utapata kama kilomita za mraba 6.5.

Kona_Kali: Eneo la nini tena? Kundi linakwenda kutembea au kulima?