Bei zilipopanda, kitu gani kilitoka kwanza kwenye kapu lako? Tupeane uzoefu sisi wenye mishahara midogo

Mleta mada, Mbagala

Wakuu, habari za majukumu.

Juzi nilikuwa nafagia jikoni nikalikuta dumu la mafuta ya kula la lita 5, tupu, limewekwa maji ya kunawia. Nikajaribu kukumbuka mara ya mwisho kulinunua likiwa limejaa. Ni mwanzoni mwa 2022. Tangu hapo nyumba yangu inakula mafuta ya kupimiwa.

Mimi ni karani, mwenzangu ni mlinzi, tuna watoto watatu. Kazi tunazo, sote wawili tunaamka saa kumi alfajiri, na mshahara unaingia kila mwezi. Zamani ukiingia tulikuwa na utaratibu wetu: mchele kilo 20, sembe mfuko wa kilo 25, maharage kilo 5, sukari kilo 5, dumu la mafuta, miche ya sabuni. Vinapangwa uvunguni, mwezi unaanza. Hela ya kila siku ni ya mboga na nauli tu.

Vita ya Ukraine ilipoanza Februari 2022, kisha Indonesia ikazuia mafuta ya mawese yasiuzwe nje kuanzia mwisho wa Aprili hadi Mei, bei ya dumu ikaruka. Nilimuuliza muuzaji mara mbili nikidhani nimesikia vibaya. Nikasema basi, mwezi huu nachukua lita mbili. Mwezi uliofuata lita moja. Halafu nikaanza kumtuma mtoto na chupa kwa mangi, mwenye duka la mtaani, apimiwe robo lita. Kabla mwaka haujaisha mchele nao ukafika 3,000 kwa kilo, maharage yakafuata, na ule utaratibu wa uvunguni ukafa hivihivi, hatukukaa hata siku moja kuamua tuuache.

Nimeanza kuandika kwenye daftari. Robo ya mafuta nalipa 1,800, kwa hiyo lita ni 7,200. Wiki hiyohiyo dumu la lita 5 lilikuwa 30,000, yaani 6,000 kwa lita. Sisi tunamaliza lita 5 kwa mwezi. Kwa hiyo kila mwezi nalipa 6,000 ya ziada kwa sababu moja tu: sina 30,000 ya kutoa kwa mkupuo. Hiyo ni kilo mbili za mchele. Na hapo sijagusa sukari, ngano wala mkaa. Mangi simlaumu, naye ana pango la kulipa, tena kwenye daftari lake la madeni nimo. Lakini inaniuma kwamba sisi tusio na hela ndio tunaonunua ghali.

Naomba kila mmoja aseme kwake kilitoka nini kwanza, na amefanyaje. Tupeane hesabu, maana ushauri wa kubana matumizi tumeshausikia sana.

Mwalimu, Kahama

Pole dada. Kwangu ilitoka nyama ya Jumapili. Tuliianza kwa kuruka Jumapili moja, sasa tunakula sikukuu au akija mgeni.

Mwaka huo wa 2022 kima cha chini serikalini kilipanda kwa asilimia 23.3, kikafika 370,000. Watu mtaani walidhani sote tumeongezewa kiasi hicho. Sisi wa madaraja ya kati nyongeza ilikuwa ndogo sana, yangu ilikuwa 20,000 na ushei. Lakini mwenye nyumba alikuwa ameshasikia tangazo, akapandisha kodi.

Takwimu za Januari 2023 za NBS, Ofisi ya Taifa ya Takwimu, zilipotoka, mfumuko wa bei ukiwa asilimia 4.9, wenzangu ofisini walisema ni uongo. Mimi nafundisha hisabati, nikawaambia si uongo. Lile ni kapu la wastani wa nchi nzima, ambamo chakula na vinywaji visivyo na kilevi vina uzito wa asilimia 28.2. Nyumbani kwangu mwezi ule chakula kilimeza zaidi ya nusu ya mshahara, na chakula ndicho kilichokuwa kimepanda kwa karibu asilimia 10. Mwenye gari na watoto shule za kulipia ana kapu lake. La kwangu limejaa sembe na maharage, sembe ikipanda limepanda lote.

Nilichofanya ni kulima. Nimekodi ekari moja, napanda mahindi na kunde. Miaka miwili ilinisaidia, mwaka mmoja mvua ilikata nikapoteza hata mbegu. Ninayasema yote ili mtu asidhani shamba ni jibu la moja kwa moja.

Mama wa wawili, Jomvu, Mombasa

Mimi ni mshoni kiwandani. Kwetu yalitoka mahamri. Asubuhi ya Jumamosi na Jumapili nyumba yetu ilikuwa ni mahamri na mbaazi za nazi, ndivyo nilivyolelewa na mama yangu na ndivyo nilivyotaka kulea wangu. Unga wa ngano ukapanda, mafuta yakapanda, nazi nayo. Sasa ni chai ya rangi na muhogo wa kuchemsha. Watoto hawasemi neno, lakini mkubwa akienda kwa bibiye hurudi akinihesabia amekula mahamri mangapi.

Unga wa mahindi, pakiti ya kilo mbili, 2022 ulipita shilingi 200 za Kenya. Julai serikali ikatia ruzuku, bei ikatangazwa 100. Nilizunguka maduka matatu kuutafuta kwa bei hiyo. Haikudumu, ruzuku ikaondolewa. Tangu hapo makato nayo yameongezeka: ya nyumba asilimia 1.5, ya bima ya afya asilimia 2.75 tangu Oktoba 2024. Kwa hiyo bei inapanda na mshahara unaofika mkononi unapungua, wakati ule ule.

Hayo ya kupimiwa huku tunayaita kadogo. Mafuta kadogo, unga kadogo, sabuni ya unga kadogo. Dada, hesabu yako nimeifanya kwangu nikalia.

Mchangiaji, Mwanza

Samaki. Nafanya kazi kiwanda cha minofu. Sangara wanapita mikononi mwangu kutwa nzima, nyumbani tunakula mapanki, yaani mifupa na vichwa vinavyobaki, na siku hizi hata mapanki hayashikiki.

Baba mtoto, Mbeya

Kwangu ilitoka sukari, na ilitoka mtoto akiwa na miezi minane. Mnakumbuka mwanzoni mwa 2024, mvua za El Niño zilikuwa zimezuia miwa isivunwe, viwanda vikapunguza uzalishaji. Bodi ya Sukari ikatangaza bei elekezi, rejareja isizidi 3,200. Hapa mtaani nilinunua kilo kwa 5,000, na muuzaji alinifungia kwenye mfuko mweusi akaniomba nisimtaje.

Mke wangu akawa anaponda ndizi mbivu kwenye uji wa mtoto. Mtoto aliukubali, na hadi leo hatujarudisha sukari kwenye uji wake. Kosa langu lilikuwa jingine. Mwezi huo nilichukua mkopo wa kausha damu, ile ya riba kubwa ya mtaani, 100,000, nikidhani nanunua chakula cha mwezi kwa jumla nitoke kwenye kupimiwa. Nililipa marejesho miezi mitano. Mleta mada, hela ya mkupuo isitoke huko. Nakuomba kama kaka yako.

Jirani wa Tandale

Nina la kuongeza kuhusu hiyo hela ya mkupuo.

Tuko wanawake watano, wote wafanyakazi: wawili wapishi wa shule, mmoja muuguzi, mmoja fundi cherehani kiwandani, na mimi nafanya usafi maofisini. Tulikuwa na mchezo wa kupeana hela kila mwezi, na kila anayepokea hela inaisha kwenye madeni ya duka. Mwaka jana tukabadilisha. Badala ya kupeana hela tunanunua gunia. Kila mmoja anatoa fungu lake mshahara ukiingia, wawili wanakwenda sokoni alfajiri, gunia la mchele kilo 100, mwezi unaofuata maharage, unaofuata mahindi ya kusagisha. Nauli ya kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, tunachangia. Kwenye mchele tunaokoa kati ya 400 na 600 kwa kilo, kutegemea msimu.

Ninaeleza na matatizo yake. Gunia la kwanza la maharage tulilipokea halijakauka vizuri, yakaota ukungu chini, tukagawana hasara. Sasa mmoja anatia mkono hadi kiwiko kabla hela haijatoka. La pili, mizani. Tuligombana vibaya kwa kupima na kopo, tukanunua mizani ya kuning'iniza, ugomvi ukaisha siku hiyo. La tatu ni gumu: mwenzetu mmoja mumewe alipunguzwa kazi, miezi miwili hakutoa fungu. Wengine walitaka atoke. Tulikaa hadi usiku. Mwishowe tukakubaliana achukue nusu ya mgao na alipe polepole, na kila mmoja wetu aweke 2,000 kila mwezi kwenye kopo kwa ajili ya siku kama hiyo. Alimaliza deni. Mwezi wa nne ilikuwa zamu yangu kukosa, na kopo lilikuwepo.

Mtanga, Muscat

Nafanya kazi za ndani huku, natuma hela kwa mama anayelea wanangu Tanga. Mimi hesabu yangu ni mchele: kiasi kilekile ninachotuma kilikuwa kinatosha kilo 30 na ada inabaki. Sasa mama anachagua. Hanilalamikii kwenye simu, ila mdogo wangu ameniambia mama ameacha kununua dawa zake za presha kila mwezi, anaruka. Nimempigia jana nikambembeleza. Kwangu kilichotoka kwenye kapu ni dawa za mama, nami sikuwepo kuona.

Mleta mada, Mbagala

Nimesoma yote, mengine mara mbili. Dada wa Muscat, usimwache mama. Mwambie mdogo wako awe anakutumia picha ya pakiti ya dawa kila mwezi.

Jirani wa Tandale, nimewasomea majirani zangu wawili ulichoandika. Tumeanza na mafuta kwa sababu hayana ukungu wala mizani. Tumechanga, tunataka dumu la lita 20 tugawane. Yale maji ya kunawia nimeyamwaga, dumu langu nimelisugua kwa majivu na maji ya moto, liko juani linakauka. Anayefahamu bei ya dumu la lita 20 Kariakoo wiki hii anitajie kabla ya Jumamosi.