Ekstensheni ya tundu tatu ndani ina waya MBILI, miezi miwili nimehangaika nikidhani hedifoni mbovu

Wakuu habari za jioni, ingawa kwangu si njema. Mods, wasimamizi wa jukwaa, naomba huu uzi msiuunganishe na zile za "msaada hedifoni zinavuma" maana huko nimepita, nimesoma kurasa zote, na ushauri wa huko ndo umenimaliza hela.

Mi kazi yangu nahariri sauti. Kwaya, mahubiri, matangazo ya maduka, mtu akileta nafanya. Nipo Mbagala, Dar, chumba na sebule, na hiyo sebule ndo ofisi. Miezi miwili nyuma nikajikusanya nikanunua kompyuta ya mezani Kariakoo, mtumba wa maofisini, mashine yenyewe sina ugomvi nayo kabisa. Kwa kuwa meza ipo mbali na soketi nikabeba na ekstensheni hapohapo mtaani, elfu kumi na mbili, nyeupe, ina swichi ya taa nyekundu, kila mdomo una tundu tatu. Kompyuta ikaenda kwenye ekstensheni, miksa yangu ndogo, ile ya kuchanganya na kukuza sauti, ikabaki kwenye soketi ya ukutani kama siku zote, nikaunga waya wa sauti toka kompyuta mpaka kwenye miksa, hedifoni kwenye miksa, nikavaa.

Mmmmmmmmmm.

Hata wimbo sijaweka. Mvumo mmoja, haupandi haushuki, kama nyuki wamehamia sikioni. Nikipandisha sauti kwenye miksa unapanda nao, nikishusha kwenye kompyuta hauna habari na mimi.

Sasa sikilizeni nilivyopigwa. Wa kwanza kaniambia hedifoni feki, nunua nyingine. Nikanunua, elfu themanini na tano, nyuki walewale ila safari hii wanasikika vizuri zaidi. Wa pili akasema draiva ya sauti, ile programu ndogo inayoendesha sauti, toa weka upya. Nikatoa nikaweka. Wa tatu akasema piga Windows chini, yaani futa uweke upya, nikapiga Windows chini nikapoteza na mipangilio yangu yote ya programu ya kuhariri, mvumo ukanisubiri palepale umenikalia mkao wa kula. Fundi wa kompyuta kaja nyumbani, kafungua kesi, lile boksi la bati la kompyuta, kapuliza vumbi, elfu ishirini, kasema "hii sauti ya ndani imekufa kaka, weka kadi ya nje". Hakuna HATA MMOJA aliyeniuliza swali la kijinga kabisa, kwamba vifaa vyako umevichomeka wapi?

Na kuna yule aliyenishauri nikate ile pini ndefu ya juu kwenye plagi ya kompyuta, eti ndo dawa ya mvumo. Wewe ndugu Mungu anakuona. Ile ndo pini ya ethi, njia ya umeme kwenda ardhini, ndo inayokuokoa siku waya wa moto ukigusa chuma cha kesi.

Nikanunua na kale kadude ka kuondoa mvumo, kale ka kuunganisha katikati ya waya wa sauti, ndani yake kuna transfoma mbili ndogo kama njugu. Mvumo ukakata kweli, siwezi kudanganya. Ila na besi ikaondoka nayo, maana transfoma ndogo kiasi kile na ya bei ile sauti za chini haiziwezi. Ngoma ikawa inalia kama mtu anagonga boksi la viatu. Nikakatoa.

Ila iliyoniuma kupita zote ni ya kwaya. Waliniletea nyimbo sita wamerekodi kanisani, rekodi safi tu, lakini mi nikisikiliza nasikia mvumo nikajua umo kwenye rekodi. Umeme wetu huku unacheza mara 50 kwa sekunde kwahiyo mvumo wake unakaa 50 na vigawe vyake, nikakata 50, nikakata 100, nikakata 150, nikakata kwa hasira kabisa. Bado nausikia (si unatoka kwenye waya wangu jamani, ningeukataje), nikaongeza kukata. Nikawatumia. Mwalimu wa kwaya kanipigia, mtu mzima mpole, kaniambia "kijana, kazi nzuri, ila besi wangu wameenda wapi?" Wababa sita wazima wameimba wamekaza shingo mi nimewafuta wote. Nikarudia kazi yote bure na nusu ya hela nikarudisha.

Aliyegundua tatizo ni mama watoto, na wala hakuwa anatafuta. Alikuwa anapiga deki, miguu peku, sakafu mbichi, kasogeza kompyuta kwa mkono akaruka, "baba Neema hii kitu yako inatekenya!" Nikagusa mi na ndala zangu sisikii kitu nikamwambia anaogopa bure. Akaniambia vua ndala. Nikavua. Aisee. Ni kama sisimizi wanatembea kwenye vidole, hasa ukipitisha mkono taratibu.

Sasa hapo ndo akili ikafunguka, maana siku hiyo waya wa sauti nilikuwa nimeuchomoa. Nikauchomeka kwenye miksa, mtekenyo ukaisha, nyuki wakarudi. Nikachomoa, nyuki wameondoka, mtekenyo umerudi. Nimerudia kama mara kumi, mama watoto ananiangalia kama nimechanganyikiwa. Nikachukua testa ya bisibisi nikagusa kesi, kale kataa kake ka ndani kakawaka. Multimita kati ya kesi na ethi ya soketi ya ukutani ikasoma 108. Volti 108 kwenye bati la kompyuta!

Nikazima, nikachomoa ekstensheni ukutani, nikafungua plagi yake. Waya mbili. Kahawia na bluu. Ile pini ndefu ya juu imekaa pale peke yake kama bwana harusi aliyekimbiwa, haijaunganishwa na chochote. Nikafungua na upande wa pili, tundu tatu kwa nje, ndani kwenye tundu la ethi hakuna hata kipande cha bati, ni plastiki tupu!!! Yaani mtu kiwandani kakaa chini akachonga tundu kwa ajili ya kunidanganya mimi.

Kwa wasioelewa kwanini inaleta mvumo ngoja nieleze kama nilivyoelewa mimi baada ya kuumia. Pawasapulai ya kompyuta pale umeme unapoingilia ina kapasita ndogo mbili, vidude vinavyopitisha umeme kidogo tu, moja imetoka laini, yaani waya wa moto, na nyingine nyutro, waya wa kurudi, zote zinakutana kwenye bati la kesi, kazi yake ni kumwaga uchafu wa umeme kwenye ethi. Ethi ikiwepo huo uchafu unaenda ardhini na wewe hujui kama upo. Ethi isipokuwepo bati linabaki linaelea katikati, kama nusu ya 230, ndo ile 108 yangu. Mkondo wenyewe ni mdogo mno ndo maana unatekenya tu haukurushi, lakini haukai kimya, unatafuta njia ya kwenda ardhini. Na kwangu mimi njia iliyokuwepo ni moja, ule wavu wa shaba wa waya wa sauti, maana miksa ipo kwenye soketi ya ukutani yenye ethi ya kweli. Kwahiyo umeme unapita juu ya waya uleule unaobeba muziki, na miksa haijui kipi ni kwaya kipi ni uchafu, inavikuza vyote.

Ndo maana kompyuta mpakato ikitumia betri haivumi na ukichomeka chaja inaanza. Hicho ndo kipimo cha bure kabisa kabla hujanunua kitu chochote, chomoa chaja usikilize.

Nikarudi Kariakoo na ekstensheni imefunguliwa mkononi. Kijana wa dukani kaiangalia, kaniambia "bosi mbona inawaka?" Nikamwonyesha ethi haipo. Akasema "ethi ni ya mafriji bosi, kompyuta haihitaji". Nikamwambia nipe yenye waya tatu, akaingia ndani akatoka na nyingine, ELFU THELATHINI NA TANO, waya mnene, ina kijani na njano ndani. Kwahiyo wanazijua! Wanazo, wanajua tofauti, na ile ya uongo ndo wameipanga mbele. Hela yangu ya kwanza hakurudisha, eti nimeshafungua. Sasa nisingefungua ningejuaje?

Nikafunga hiyo mpya, kompyuta na miksa zote nikaziweka humohumo. Kimya. Nikavaa hedifoni nikadhani zimekatika.

Ila kulikuwa na kelele ya pili ambayo hii haikuitibu, na hapa namlaumu aliyesuka kesi. Nikichomeka hedifoni moja kwa moja tundu la mbele la kompyuta, nikisogeza mausi inalia chriiii, nikishusha ukurasa inalia, nikifungua video inabadili mlio. Hiyo si ya umeme wa nyumba, kale kakebo ka kutoka ubaoni mpaka mbele kamepita kifuani kwa kadi ya picha na hakana kinga yoyote ya maana. Dawa yake nimechomeka tundu la nyuma, la kijani, imeisha. Na sauti kwenye kompyuta weka juu, kama 90, alafu punguza kwenye miksa, ukifanya kinyume unakuza shhhh ya bure. Na kama unasikia mchakacho hata hujacheza kitu angalia maikrofoni kwenye mipangilio ya sauti, ikiwa imeongezwa desibeli 30 na inasikilizwa moja kwa moja ni wewe mwenyewe unajisikia unavyopumua.

Jana nimeenda kwa jamaa yangu mwenye studio ndogo huku huku, naye analia na nyuki mwaka wa pili. Yeye ekstensheni yake nzima, ila soketi ya ukutani tulipozima meni, swichi kuu ya nyumba, na kuifungua waya wa kijani na njano umekunjwa nyuma umefungwa tepu. Mwenye nyumba kuambiwa kajibu "taa si zinawaka?" Huyo lazima atafute fundi umeme wa kweli, hilo si la kucheza nalo wenyewe.

Sasa wakuu, kila mwenye ekstensheni ya bei ya chini aichomoe ukutani kwanza, nimesema AICHOMOE si kuzima swichi, afungue plagi, apige picha aweke hapa na bei aliyonunulia. Jina la duka acheni. Nataka tuhesabu waya.