Miche ya nyanya inalala chini, asumini za jirani zinadunda tu

bwana_kitalu: Wakuu habari za saa hizi. Tuko kikundi hapa Dar tumegawana eneo, tangi moja la maji, neti moja ya kivuli, wengine tunaotesha nyanya na hoho tuuze miche, wengine wako na maua tu, asumini, boganvilia, mawaridi. Sasa nyanya zangu zikishatoa majani mawili, asubuhi nakuta zimelala, inaanza kona moja ya trei afu inasambaa. Wenzangu wanasema chumvi ya kisima. Mbona maua yanakunywa maji hayo hayo na hayafi?

mama_bustani: Pole mdogo wangu. Ng'oa mmoja uangalie shingo pale unapotokea udongoni. Ukikuta pamesinyaa pamebaki kauzi, rangi kahawia, ukibinya panateleza, hicho ni kinyausi, ukungu wa kwenye udongo. Chumvi huunguza kingo za majani kwanza, haiangushi mche usiku mmoja. Na asumini jirani anachomeka pingili, tawi lilishakomaa, kinyausi kinapenda shina laini la mbegu.

juma_viriba: Neti za kushea ndo zilivyo, kila anayepita na keni anakuonea huruma anakumwagilia, jioni trei imelowa chepe. Nyanya maji asubuhi bana, ikifika jioni juu pawe pamekauka. Na bila shaka umemwaga mbegu kama unalisha kuku, zipe nafasi hewa ipite.

bwana_kitalu: Nimeng'oa, kauzi kweli 😩 hiyo ya kuku nayo umenipata. Dawa gani sasa, na udongo nitupe?

mama_bustani: Iliyolala haifufuki, itoe na udongo wake peleka mbali, usitupe kwenye lundo la mboji maana mnachota wote hapo. Dawa ya ukungu ni kukinga iliyobaki tu. Trei osha na jiki usuuze. Udongo wa awamu ijayo ulowanishe, tandaza, funika nailoni angavu (sio nyeusi), bania kingo, uache jua kali liupige wiki 4 hadi 6.

bwana_kitalu: Wiki 6 nakula nini dada yangu?

juma_viriba: Si una jirani wa maua? Siku akipogoa boganvilia omba yale matawi, chagua yaliyokomaa unene wa penseli, chomeka kwenye viriba vya mchanga. Hayo hata ukisahau maji kidogo hayakulazii.