Wapiga besi tupeane uzoefu: ni kifaa gani kidogo kimewahi kukuokoa, au kukuangusha, jukwaani?

Nyuzi Nne (mwanzisha mada)
Wakuu, habari zenu. Wapiga besi tukikutana, mazungumzo ni aina ya gitaa na ukubwa wa ampli. Lakini mimi sijawahi kuharibikiwa shoo kwa sababu ya aina ya gitaa. Vilivyoniangusha vyote vinaenea kiganjani.

Naanza. Besi yangu ni ile yenye saketi ya betri ndani. Wimbo wa tatu sauti ikaanza kukwaruza, noti ndefu zikawa zinakatika njiani, mara kimya. Nikabadili waya, fundi mitambo akahangaika na miksa, mpiga solo akawa anarefusha kipande chake ili kutuzibia pengo. Kumbe ni betri ya volti 9. Usiku wa kuamkia siku ile nililiegemeza gitaa na jeki, yaani ncha ya waya, ikiwa ndani. Kwenye besi nyingi za aina hii tundu la jeki ndilo swichi yenyewe: ukichomeka waya saketi inawaka, na inaendelea kula betri hata kama hakuna anayepiga. Siku hizi nikimaliza wimbo wa mwisho nachomoa kwanza, ndipo nasalimiana na watu. Na begini haikosi betri mpya na bisibisi ya kufungulia kifuniko.

Haya wadau, mwageni yenu.

Bega la Kushoto
Mkanda. Besi yangu ina uzito wa kilo 4 na ushee, na kwa miaka miwili niliivaa na mkanda mwembamba uliokuja nayo. Baada ya saa moja vidole vya mkono wa kushoto vinakufa ganzi. Nilidhani ni ugonjwa. Nikabadilisha, nikavaa mkanda mpana wa ngozi, ganzi ikaisha. Ngozi ambayo upande wa ndani haijalainishwa ina faida nyingine: inang'ang'ania begani, kwa hiyo gitaa lenye kichwa kizito halikuinamii.

La pili ni kufuli za mkanda. Siku moja mkanda ulichomoka kwenye kitufe nikiwa nimesimama, gitaa likatangulia kwa kichwa, ufa ukatokea kwenye shingo. Kama huna kufuli, hata vipande viwili vya mpira vyenye tundu vilivyobanwa juu ya vitufe vinasaidia sana. Na pitisha waya kati ya mkanda na gitaa kabla ya kuchomeka, ili mtu akiukanyaga using'oe tundu la jeki.

Spika Iliyochanika
Naomba niandike kwa kirefu, maana hili liliniuma.

Tulikuwa tunafanya mazoezi, ampli ya besi haipo, nikachomeka kwenye ampli ndogo ya gitaa la solo. Nikaona inalia, nikaongeza sauti. Wiki ya pili koni ya spika ikachanika. Gitaa la kawaida uzi wake mzito kabisa hutetemeka mara 82 hivi kwa sekunde. Uzi wa E wa besi ni mara 41, na ukiwa na nyuzi tano, ile B ya chini inashuka hadi 31 hivi. Sauti ya chini namna hiyo inadai koni iende mbele na nyuma safari ndefu, na spika ya solo haikutengenezwa kwa safari hiyo. Ukilazimika, piga kwa sauti ya chini sana na upunguze besi kwenye ampli.

Nikajifunza na omu, kipimo cha ukinzani wa umeme, baadaye, kwa gharama. Ampli iliandikwa nyuma kwamba isishuke chini ya omu 4. Kabati (masanduku ya spika) mbili za omu 8 zikiungwa sambamba zinatoa omu 4, hapo salama. Sisi tukaongeza ya tatu ili sauti ijae, tukashuka mpaka omu 2.7. Ampli ikapata moto, ikanuka, ikazima. Soma maandishi ya nyuma ya ampli yako leo hii.

Nyuzi Nne
Pole sana mkuu. Je, waya wa kutoka ampli kwenda kabati unaweza kuwa huu huu wa gitaa?

Spika Iliyochanika
Hapana kabisa, ingawa jeki zinaweza kufanana. Wa gitaa una uzi mwembamba katikati uliozungukwa na ngao ya kuzuia mvumo. Wa spika ni nyaya mbili nene zinazobeba nguvu nyingi. Ukitumia wa gitaa, waya utapata moto, na unaweza kuua ampli. Mimi yangu ya spika nimeizungushia tepu nyekundu ncha zote mbili.

Dada wa Besi
Mimi niliharibu seti nzima mpya ya nyuzi kwa haraka ya kukata. Uzi wa besi una kiini cha chuma kilichozungushiwa waya mwingine juu. Ukiukata kabla ya kuukunja, ule wa juu unaweza kulegea na uzi ukafa, haulii. Sasa napima sentimita kama 10 kupita kigingi chake, naukunja pembe mraba kwa plaizi, ndipo nakata mbele ya mkunjo. Kwa hiyo plaizi haitoki begini.

Kando ya Ngoma
Vizibo vya masikio, wandugu. Mpiga besi husimama jirani na matoazi miaka nenda rudi. Mwongozo wa NIOSH, taasisi ya usalama na afya kazini ya Marekani, ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinazoongezeka muda unakatwa nusu. Ukifika 100 umebakiwa na dakika 15. Mimi sikio la kulia linapiga filimbi usiku na mchana, na halitanyamaza. Nunueni vile vya wanamuziki vinavyopunguza sauti zote kwa usawa. Vya sponji hukata zaidi sauti za juu, unabaki kusikia mvumo tu, ndiyo maana wengi wanavivua katikati ya shoo.

Kidole cha Pete
Tyuna, kile kifaa cha kurekebishia sauti za nyuzi, ya kubana kwenye kichwa cha gitaa ilinichanganya kwenye uzi wa E, hasa ngoma zikiwa zinapigwa karibu. Dawa: gusa uzi bila kuukandamiza juu ya freti (kile kipande cha chuma shingoni) ya 12, upige, tyuna itasoma ile sauti ya juu vizuri zaidi. Lakini ukiweza pata ya pedali. Unaikanyaga, sauti inakatika, unarekebisha bila hadhira kusikia.

Mgeni wa Nyuzi Tano
Nimesoma hapa nikaenda kukagua begi langu. Betri ya akiba ninayo, ila nilikuwa nimeitupa mfuko mmoja na funguo. Nimeipima: volti 6. Bila shaka funguo ziligusa vichwa vyote viwili. Nimenunua nyingine na nimeibandika tepu juu ya vichwa. Jumamosi napiga.