Taveta, Namanga au Tarakea: stoo ya mchele niisogeze mpaka upi?

MpungaWaChini (Moshi)

Wakuu, habari za jioni. Mimi nauza mchele wa Mabogini, zaidi ile aina ya saro. Miaka sita sasa nakoboa hapa hapa Moshi na kuuza soko la Mbuyuni kwa jumla. Kila mavuno naona wanunuzi wa Kenya wanakuja wenyewe, wanapakia na kuondoka, na faida ya safari inabaki kwao. Safari hii nataka kusogea. Nahitaji stoo ndogo ya magunia mia hivi, karibu na mpaka, nisimamie mwenyewe na mdogo wangu.

Sehemu ninazofikiria ni tatu. Namanga nimefika mara mbili, malori hayakatiki usiku wala mchana, ila kutoka Moshi ni kama kilomita 190: 80 hadi Arusha, na 110 nyingine hadi mpakani. Tarakea ni kwa shangazi yangu, mahali pa kulala ninapo. Ya tatu ni Taveta, kwa kupitia Holili, kilomita 40 na ushei tu kutoka hapa. Hapo nimepita mara nyingi nikielekea Voi na Mombasa, lakini sijawahi hata kushuka kunywa chai.

Anayeijua Taveta anieleze ni mji wa namna gani: watu wake, soko, maji, mvua. Bei ya pango nitaulizia mwenyewe.

DerevaWaHolili

Mkuu, kwa umbali huo hakuna cha kulinganisha. Asubuhi unapanda Noah stendi ya Moshi, unapita Himo, unafika Holili kabla jua halijawa kali. Ukigonga hati yako unachukua bodaboda, Taveta mjini ni dakika chache. Jioni uko nyumbani kwako unakula. Namanga utalala, upende usipende.

Longido_Juu (Arusha)

Ndugu, usiiache Namanga kwa sababu ya nauli. Namanga ndiyo njia ya Nairobi, kilomita 165 hivi kutoka mpakani hadi jijini, lami tupu. Kituo cha pamoja cha forodha kilizinduliwa na marais wawili, Magufuli na Kenyatta, Desemba 2018. Nairobi inakula mchele kila siku, na mnunuzi wa Nairobi hahesabu magunia mia, anahesabu lori.

Tatizo la Namanga ni maji. Mto Namanga unatoka Ol Doinyo Orok, ule mlima mweusi unaouona ukiwa mpakani, na miezi mingi ni mchanga mtupu. Ni mji wa wafugaji na madereva, vumbi lake si la mchezo. Ila kwa mchele vumbi ni afadhali kuliko unyevu. Stoo kavu utaipata bila kutafuta sana.

MamaNdizi_Himo

Mwanangu, karibu. Mimi nimeuza Taveta tangu nilipokuwa nimebeba mtoto mgongoni, na mtoto huyo sasa yuko chuo. Nikueleze taratibu.

Soko kubwa la Taveta ni Jumatano na Jumamosi. Siku hizo mji unafurika, watu wanatoka Voi, Mwatate, hadi Mombasa, na upande wetu wanatoka Himo, Mwika, Rombo yote. Siku nyingine unaweza ukakaa na bidhaa yako hadi saa nane ukauza kilo tatu. Kwa hiyo usipige hesabu ya mwezi kwa kuangalia Jumatano moja. Wengi wanaanguka hapo. Wanakuja siku ya soko, wanaona umati, wanalipa pango la miezi sita, halafu Alhamisi wanashangaa wamebaki na mbuzi barabarani.

Jambo la pili ni kipimo. Sisi tumezoea kisado na debe, kule rejareja ni gorogoro, ule mkebe wa kilo mbili. Nenda na wako, ujaze mwenyewe, ujue kilo zako zinatoa magorogoro mangapi. Mwaka wa kwanza nilikubali kupimiwa na mteja. Nilirudi Himo na pungufu ambalo sikulielewa hadi nilipokaa na mume wangu usiku tukapima upya maharage yaliyobaki.

Tatu, watu wa pwani ya Kenya wanaununua mchele kwa pua. Anachota kiganjani, anaupulizia pumzi, ananusa. Saro yako ikiwa ya mwaka jana atajua. Na chenga zikizidi, atakulipa bei ya uji.

Kuhusu ndizi sitasema sana kwa sababu hujauliza, ila ujue Taveta yenyewe inatoa ndizi nyingi sana. Ndizi zile zinakunywa maji ya chemchemi za Njoro na ya Mto Lumi. Ndiyo maana nakwambia ni mji wa maji. Ukitoka Holili pamekauka, miiba na mawe, ghafla unaingia kwenye kijani. Mara ya kwanza nilidhani nimerudi Kilema, kule mlimani.

Tarakea_Baridi

Nitasema kifupi kuhusu kwetu. Tarakea ni ya maharage, viazi na mahindi. Upande wa pili, Illasit na Loitokitok, wana nyanya na vitunguu vya kumwagilia. Mchele utauzika, lakini wanaokula ni wa pale pale tu, hakuna mji mkubwa karibu. Na ukungu wetu unaujua, gunia likigusa sakafu wiki mbili linanuka. Shangazi msalimie, stoo weka kwingine.

Mwl_Kahe

Nafundisha historia sekondari, na mji huu naupenda kiasi kwamba wanafunzi wangu wananiita Taveta. Ndugu Mpunga ameuliza ni mji wa namna gani, basi nitajibu kwa upande wangu.

Zamani, kando ya Lumi kulikuwa na msitu mnene, na Wataveta waliishi ndani yake. Lugha yao iko karibu na Kipare. Msitu ndio uliokuwa ngome yao. Adui alipaswa kupita kwenye vichochoro vilivyozibwa kwa magogo. Misafara ya Waswahili kutoka pwani ilipumzika hapo kabla ya kuingia Uchaggani au Umasaini, kwa sababu palikuwa na kivuli, chakula, maji, na wenyeji waliojua kupokea wageni. Wapelelezi wa Ulaya nao walipita: Joseph Thomson 1883, Teleki akafuata 1887. Kwa hiyo biashara unayotaka kuianza, ndugu yangu, ilikuwepo Taveta kabla mpaka haujawepo.

Mpaka wenyewe ulichorwa 1886, Waingereza na Wajerumani wakiwa Ulaya. Mkataba ule unautaja mto huu kwa jina: mstari utoke mlango wa Mto Umba, ufike Ziwa Jipe, uzunguke mashariki na kaskazini mwa ziwa, uvuke Mto Lumi, upite katikati ya nchi ya Taveta na nchi ya Uchagga, kisha ufuate chini ya Kilimanjaro upande wa kaskazini. Ile hadithi ya Malkia Victoria wa Uingereza kumpa mjukuu wake Wilhelm wa Ujerumani mlima Kilimanjaro kama zawadi haina ushahidi. Naomba tuache kuwafundisha watoto.

Agosti 1914 Wajerumani waliiteka Taveta. Waingereza walijaribu kurudi, wakapigwa vibaya kwenye kilima cha Salaita tarehe 12 Februari 1916. Mwezi uliofuata Jenerali Smuts, kamanda wa majeshi ya Waingereza, alipita, wakapigana tena kwenye vilima vya Latema na Reata, na ndani ya siku chache Moshi ikaanguka. Reli ya kutoka Voi ilisukumwa kuja huku kwa ajili ya vita hiyo, ikaunganishwa na reli yetu ya Tanga. Makaburi ya askari yako pale mjini, yanatunzwa vizuri. Nikipeleka wanafunzi tunasimama kimya, kwa sababu wapagazi waliokufa kwa maelfu katika vita ile wengi wao hawana kaburi lenye jina popote.

Kuna jambo moja zaidi ambalo huwa linanigusa. Lumi inatoka mashariki mwa mlima wetu, Rombo. Inaingia Kenya, inapita Taveta, inamwaga Ziwa Jipe. Kutoka Jipe maji yanarudi Tanzania kwa jina la Ruvu na kuingia bwawa la Nyumba ya Mungu. Maji ya mpunga wako wa Mabogini nayo yanaishia huko huko. Mvua moja ya Rombo inavuka mpaka mara mbili, haijagonga hati yoyote.

MpungaWaChini

Mwalimu, shikamoo. Hapo pa Nyumba ya Mungu nimesoma mara mbili. Mama, nashukuru sana kwa gorogoro, sikuwa nalijua hilo.

Swali: Taveta kukiwa na maji kiasi hicho, mafuriko je?

LumiMashariki (Taveta)

Hamjambo majirani. Mimi ni mzaliwa wa hapa Taveta, na swali hilo ndilo nilikuwa nangoja.

Ndugu, Lumi hufurika. Msimu wa mvua ndefu, na hata zile fupi zikikaza, maji huingia mashambani na katika nyumba za watu. Kinachowaponza wageni ni kwamba mvua yenyewe hainyeshi hapa. Unaweza kuamka Taveta mbingu ni safi, jua linawaka, lakini usiku kucha imenyesha huko juu Rombo. Sisi tuliozaliwa kando ya mto huangalia rangi. Maji yakiwa mekundu na yakibeba majani ya mgomba, unatoa vitu sakafuni, huulizi mtu. Mamangu alikuwa na kisiki kimoja ukingoni. Maji yakifika kwenye fundo la kisiki hicho, alituamsha sote, hata saa nane za usiku.

Udongo huo mwekundu ndio hujaza Ziwa Jipe. Wavuvi wa huko watakwambia matete yamefika mahali ambapo baba zao walikuwa wakitupa nyavu.

Kwa hivyo ukija kutafuta stoo, usitafute wakati wa kiangazi peke yake. Wakati huo kila nyumba ni nzuri. Angalia ukuta: kuna alama ya maji ambayo rangi mpya haifichi vizuri, hasa kwenye kona na nyuma ya mlango. Waulize majirani, mwenye nyumba hatakwambia. Mimi mwenyewe niliwahi kupanga chumba cha kuwekea mbegu, nikaambiwa hapafiki maji, na Novemba ile ile nikapoteza magunia kumi na moja ya mahindi. Panga upande wa juu, mbali na mto, hata kama utalipa zaidi na mkokoteni utachelewa kufika sokoni.

Na kuhusu ardhi: usije na wazo la kununua. Hapa sehemu kubwa ni mashamba ya mkonge tangu enzi za mkoloni, na wenyeji wengi bado hawana kipande chao. Jambo hilo linauma. Mgeni akija na pesa kununua ploti, hata kama ni jirani mwema, atatazamwa kwa jicho hilo. Pango, karibu sana.

Karani_wa_Mizigo

Niongezee upande wa karatasi, maana nafanya kazi hiyo.

Holili na Taveta nako ni kituo cha pamoja, tangu 2016. Maana yake unasimama mara moja tu, kwenye nchi unayoingia. Ukitoka Holili kwenda Kenya, maofisa wa nchi zote mbili utawakuta jengo la Taveta. Ukirudi, wote wako Holili.

Mzigo mdogo wa thamani isiyozidi dola 2,000, uliozalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na uliomo kwenye orodha ya bidhaa zilizokubaliwa, unapita kwa utaratibu rahisi wa wafanyabiashara wadogo. Unajaza cheti rahisi cha uasilia pale pale, ushuru wa forodha hulipi. Lakini hiyo haifuti vibali vingine. Mchele ni zao, unahitaji cheti cha afya ya mimea kutoka TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu Tanzania, wale wenye makao makuu Ngaramtoni. Wapo watu mpakani watakaokwambia hakihitajiki na kwamba watakuvusha kwa njia ya kando. Usikubali. Nimeona mama amepoteza mzigo mzima kwa kuokoa nusu siku.

Fedha badilisha dukani au kwa simu. Wale wanaobadilisha mkononi, barabarani, wanahesabu haraka kuliko macho.

MamaNdizi_Himo

Mimi ningekuwa wewe, mwanangu, stoo ningeiweka Holili, upande wetu, juu pakavu. Siku ya soko unavusha kinachotosha siku ile. Lumi ikifurika inakukuta umelala.

Longido_Juu

Kwa magunia mia, hapo nakubaliana na mama. Ukifika magunia elfu, njoo Namanga tuzungumze.

MpungaWaChini

Nimewasoma wote, na mdogo wangu nimemsomea kwa sauti.

Namanga naiacha kwa sasa. Tarakea nitaenda Krismasi. Jumatano hii navuka na magunia mawili ya saro mpya na mkebe wangu wa kilo mbili, cheti naanza kukishughulikia kesho asubuhi. Nikimaliza soko sitarudi, nitalala Taveta niione Alhamisi ilivyo. Ndugu LumiMashariki, kama una nafasi naomba unionyeshe mto kabla sijaenda kutazama nyumba. Na kile kisiki cha mama, kama bado kipo.

LumiMashariki (Taveta)

Kisiki kilichukuliwa na maji, lakini mahali pake napajua. Ukifika Jumatano uliza darajani, nitakuwa hapo kuanzia saa kumi.