Lakabu nzuri, mikono michafu: tupeane uzoefu

Mleta mada, Kisenyi
Habari zenu ndugu zangu. Kuna jambo linaniuma nalileta kwenu. Hapa Kampala kuna watu wanaitwa Mkweli, Amana, Mzee wa Haki, na ndio hao hao wanaowaliza wenzao.

Jirani yangu, mjane anayeuza mitumba soko la Owino, alitafutiwa ardhi Wakiso na broka ambaye mtaa mzima unamwita Mkweli. Akapelekwa, akaonyeshwa mipaka, akalipa, akapewa karatasi ya mauziano yenye mhuri. Kumbe ni kibanja, yaani kipande cha mpangaji, ndani ya mailo, ardhi yenye hati ya mtu mwingine. Aliyeuza ni baba wa familia yenye kibanja, mkewe anaishi pale pale na hakuambiwa lolote, wala mwenye mailo hakuombwa ridhaa. Sheria ya Ardhi ya 1998 haimruhusu mtu kuuza ardhi inayoilisha familia bila ridhaa ya mwenzi wake, na kibanja hakiuzwi kwa kumruka mwenye ardhi. Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, alipoutazama ule mhuri, akasema si wa kijiji chake.

Nilimwuliza mama yule kwa nini hakuanzia kwa mwenyekiti. Akasema, "Mtu anaitwa Mkweli, nikianza kuulizauliza habari zake si nitakuwa namtukana?" Hapo ndipo nilipoona jina linavyofanya kazi: linamfunga mdomo mwenye haki ya kuuliza.

Leteni visa vyenu. Majina halisi ya watu tusiyataje, lakabu inatosha. Na mseme, jina hilo alipewa na nani?

Mwalimu, Arua
Kwetu yuko mkopeshaji anaitwa Mwokozi. Jina kaliandika mwenyewe juu ya mlango wake. Mwalimu akikwama karo ya mtoto anakwenda pale, anaacha kadi ya benki na namba ya siri, wengine hata kitambulisho cha taifa. Mshahara ukiingia, Mwokozi ndiye anayetangulia kwenye mashine, kisha anamgawia mwenye mshahara kilichobaki. Mwenzangu mmoja alimaliza deni, kadi haikurudi. Kila akienda anaambiwa kuna riba ya kuchelewa. Alichelewaje, na kadi anayo mkopeshaji?

Walimu wenzangu, tangu sheria ya 2016 mkopeshaji lazima awe na leseni ya UMRA, mamlaka inayosimamia mikopo midogo. Ombeni kuiona. Huyu wetu alipoombwa alifoka, akasema tumemvunjia heshima.

Mchuuzi, Busia
Mpakani tuna mbadilisha pesa anaitwa Sawasawa. Anahesabu mbele yako, zinatimia, halafu anazichukua tena "azipange vizuri". Zikirudi zimepungua. Hesabu wewe wa mwisho, usimrudishie.

Mzee mstaafu wa jeshi, Jinja
Jeshini lakabu ulipewa na wenzako baada ya kukuona kazini, na mara nyingi hukuipenda. Mimi mtu akinijia na sifa yake mdomoni, "mimi ndiye Mwaminifu", namwuliza wenzake wa kazi wako wapi nikaongee nao. Aliye safi ananipeleka.

Dada wa kikundi, Nakivale
Mzee, shikamoo. Wetu hakujipa jina. Tulimwita Mama Imani sisi wenyewe, kwa sababu alifungua kila kikao kwa sala na alikesha na wagonjwa wetu. Ndiyo maana kisa hiki hakinitoki.

Sanduku letu la akiba lina kufuli tatu, na kila ufunguo unakaa kwa mama tofauti, ili sanduku lisifunguke bila watatu kuwa pamoja. Msimu wa kupalilia ulipofika, wenye funguo wawili walikuwa wanashinda shamba mbali, wakamwachia Mama Imani zao, naye wa tatu alikuwa nao mwenyewe. Hakuna aliyepinga. Siku ya kugawana sanduku lilifunguliwa likiwa na daftari tu. Kuna mama alikuwa anangoja fungu lake anunue cherehani, akakaa chini pale pale.

Siwezi kusema sala zake zilikuwa za uongo. Wagonjwa aliwauguza kweli. Lakini akiba yetu aliichukua, na yote mawili ni yeye.

Sasa tumeandika kwenye kanuni kwamba ufunguo haushikwi na mtu wa pili hata kwa siku moja. Tatizo ni mwenye ufunguo akiugua au akisafiri, kikao kinakwama. Wenye vikundi Mbarara, Bweyale na kwingine, ninyi mnafanyaje?